Keki za vikombe zisizoganda kwenye vikaratasi: mwongozo kamili

Mtazame mtu anayekula keki ya kikombe iliyoganda. Anashika ukingo wa kikaratasi kwa vidole viwili, anavuta taratibu, na badala ya karatasi kubanduka safi, inaondoka na ganda lote la pembeni. Anajaribu upande wa pili, hali ni ileile. Mwishowe anabaki na kitonge cha katikati chenye krimu juu, na karatasi yenye keki nyingi kuliko ile aliyoila. Wengine hukwangua kwa meno. Wenye haya huikunja karatasi kimyakimya na kuitupa pamoja na kazi yako.

Mimi lilinikuta kwa keki 48 za sherehe ya mtoto. Nilikuwa nimepunguza siagi karibu yote, nikaweka ndizi za kuponda na mtindi, nikiamini nimewatengenezea watoto kitu bora zaidi. Zilitoka kwenye oveni zimeumuka vizuri, rangi ya dhahabu, harufu imejaa nyumba nzima. Haikubanduka hata moja ikiwa nzima. Siku ile nililaumu karatasi. Nikanunua nyingine, nikarudia mapishi yaleyale, zikaganda vilevile. Hapo ndipo nilipoacha kulaumu na kuanza kuchunguza.

Nilichokigundua ndicho msingi wa mwongozo huu: kabla ya kubadilisha chochote, soma karatasi uliyoibandua. Kile kilichobaki juu yake, na mahali kilipobaki, kinakuambia kosa lilitokea wapi.

Jinsi ya kuisoma karatasi

Chukua keki moja, ibandue, kisha ikunjue karatasi uitandaze na kuiangalia kwenye mwanga.

Kama kumebaki tabaka nene, laini, lenye unyevu, ambalo ukilibonyeza kwa kidole linashikana kama donge, basi keki haikuiva vya kutosha au uliibandua ingali na moto. Hili ndilo la kawaida kuliko yote.

Kama kumebaki ngozi nyembamba ya kahawia, kavu, iliyosambaa sawasawa karatasi nzima, na keki yenyewe imebaki uchi, weupe wake wa ndani ukionekana, basi rojo, yaani mchanganyiko mbichi wa keki, ilikuwa na mafuta kidogo, au karatasi ni ile ya kawaida isiyo na kinga yoyote. Mara nyingi ni yote mawili kwa pamoja. Keki zangu 48 zilikuwa za kundi hili.

Kama karatasi inanata kama gundi, inang'aa, hasa kwenye ukingo wa juu au kitako, hiyo ni sukari. Ama imezidi, ama umetumia asali, ama umeacha matone ya rojo pembeni yakaungua.

Kama pembeni pako safi ila kitako tu ndicho kilicholowa na kushika, keki ilipoa ndani ya trei na mvuke ukageuka maji chini yake.

Na kama imeshika mabaka mabaka, huku ndiyo huku siyo, tafuta vipande vya matunda au chokoleti vilivyogusa karatasi. Kila kipande cha namna hiyo kinakuwa msumari mdogo.

Kwa nini keki hushika karatasi

Ukichemsha unga wa ngano na maji unapata gundi ya kubandikia karatasi ukutani. Ndani ya kikaratasi cha keki jambo hilohilo linatokea. Rojo ni mbichi na yenye maji. Inapopata joto, wanga wa unga unanyonya maji na kuvimba, protini za mayai na za ngano zinakaza, na sukari iliyoyeyuka inakuwa shira. Mchanganyiko huo unaingia kwenye nyuzi za karatasi, maji yanakauka, na kilichobaki ni gundi.

Kinachozuia ni mafuta. Mafuta ndani ya rojo yanafunika chembe za unga zisinywe maji yote, na wakati wa kuoka sehemu yake inatoka nje na kuilowesha karatasi. Ndiyo maana kikaratasi cha keki yenye siagi ya kutosha kinaonekana kama kimeangaza, unaweza karibu kuona kidole chako kupitia upande wa pili. Utando huo wa mafuta ndio unaoachanisha keki na karatasi. Ukiuondoa kwenye mapishi, lazima uutafutie mbadala, ama kwenye karatasi yenyewe ama kwa kuipaka.

Karatasi: zipo za aina gani

Za kwanza ni za kawaida, nyembamba, zenye rangi na michoro, hazina kinga yoyote. Hizi hunyonya. Zinafaa kwa keki zenye siagi nyingi, basi.

Za pili ni zile zisizopenyeza mafuta. Hazikupakwa kitu, nyuzi zake zilisagwa na kukandwa sana kiwandani mpaka matundu yakazibika. Zipo pia zinazoitwa glasini, zilizopitishwa kati ya roli nzito za moto mpaka zikawa laini na zenye mng'ao. Aina hizi mbili ni bora kuliko za kawaida, na faida yake nyingine ni kwamba rangi za nje hazififii kwa mafuta. Lakini angalia: kuzuia mafuta yasipenye si sawa na kuzuia keki isishike. Keki isiyo na mafuta itashika hata hapo.

Za tatu ni karatasi za kuokea zilizopakwa silikoni, utando usioshika chakula. Hizi ndizo ninazozitegemea kwa keki ngumu kubandua. Huuzwa zikiwa tayari zimekunjwa kama ua la tulipu, au unajikatia mwenyewe kutoka kwenye roli ya karatasi ya kuokea: kata mraba wa sentimita 12 hadi 13, uweke juu ya kitako cha glasi inayoingia kwenye shimo la trei, kandamiza pande zote mpaka mikunjo ikae, kisha uitumbukize kwenye shimo.

Vikombe vya foili havinyonyi chochote, lakini vinapitisha joto haraka, kwa hiyo pembeni mwa keki huweza kukauka kabla katikati hapajaiva. Chungulia mapema. Mara nyingi huuzwa vikiwa vimetenganishwa na vikaratasi vyeupe, vitoe kwanza.

Karatasi ya nta usiitumie kuokea, kwa sababu nta huyeyuka. Gazeti na karatasi nyingine iliyochapishwa wino, hapana kabisa.

Kama hujui uliyonayo ni ya aina gani, ipime. Tandaza kikaratasi kimoja juu ya kitambaa cheupe au tishu, dondoshea tone la mafuta ya kupikia upande mmoja na tone la maji upande mwingine, subiri dakika 10. Mafuta yakipenya mpaka kwenye tishu, ni ya kawaida. Mafuta yakibaki juu lakini maji yakatandaa, ni ile isiyopenyeza mafuta. Maji yakisimama kama shanga na kuteleza ukiinamisha karatasi, ina silikoni.

Jambo moja watu hulipuuza: ukubwa. Kikaratasi kikiwa kikubwa kuliko shimo, mikunjo yake inabanana na kuwa mifereji ya kina, rojo inaingia humo, na wakati wa kubandua keki inakatika kwenye kila mfereji. Kabla ya kumimina, ingiza glasi au kidole ukandamize mikunjo ikae ukutani. Kuhusu kuweka vikaratasi viwiliviwili, hiyo inasaidia mwonekano tu, kwamba cha nje kinabaki na rangi yake. Kwa kuganda haisaidii.

Rojo: hapa ndipo keki nyingi huharibikia

Kipimo ninachokitumia kuyahukumu mapishi yoyote kabla sijayajaribu ni uzito wa mafuta dhidi ya uzito wa unga. Mafuta yakifika nusu ya unga, sina wasiwasi. Yakiwa chini ya theluthi, naandaa karatasi ya silikoni au napaka mafuta karatasi niliyonayo. Kumbuka siagi si mafuta matupu. Karibu asilimia 80 tu ndiyo mafuta, na sehemu kubwa ya iliyobaki ni maji. Kwa hiyo gramu 115 za siagi ni kama gramu 92 za mafuta. Mafuta ya maji, kama ya alizeti, ni mafuta asilimia 100.

Haya ndiyo mapishi yangu ya msingi, yanatoa keki 12:

- unga wa ngano gramu 180
- sukari gramu 160
- siagi laini gramu 60
- mafuta ya alizeti mililita 50
- mayai 2, yaliyotoka kwenye friji mapema
- maziwa mililita 120
- beking poda kijiko kimoja na nusu cha chai
- chumvi robo kijiko cha chai
- vanila kijiko kimoja cha chai

Nimegawanya mafuta makusudi. Siagi inatoa ladha na kuingiza hewa unapoipiga na sukari; mafuta ya maji yanabaki laini hata keki ikipoa, na ndiyo yanayoifanya karatasi iachie kwa urahisi.

Piga siagi na sukari mpaka ziwe nyeupe na nyepesi, kama dakika 4 kwa mashine. Mimina mafuta kidogo kidogo ukiendelea kupiga. Weka yai moja, lichanganyike, ndipo ufuatie la pili na vanila. Chekecha unga, beking poda na chumvi pamoja, kisha weka unga nusu, maziwa yote, unga uliobaki. Ukishaweka unga, acha mashine. Tumia mwiko, kunja rojo kutoka chini kwenda juu mpaka usione unga mkavu, uishie hapo. Rojo iliyochanganywa kupita kiasi inajenga nyuzi za ngano, keki inakuwa ngumu na kung'ang'ania karatasi kama mpira.

Usizidishe sukari ukidhani unaongeza utamu tu. Sukari inavuta unyevu na kuushikilia, na asali inavuta zaidi. Ukibadilisha sukari kwa asali, punguza na maziwa kidogo, na ujue karatasi ya kawaida itakuangusha.

Matunda ya vipande yapakwe unga kidogo yasizame. Kisha fanya hivi: mimina kwanza kijiko kimoja cha rojo tupu kwenye kila kikaratasi, ndipo uchanganye matunda kwenye rojo iliyobaki na kuimalizia juu. Kitako kinabaki hakina tunda linalogusa karatasi.

Kumimina na kuoka

Jaza theluthi mbili, ambayo kwa shimo la ukubwa wa kawaida ni karibu mililita 60. Tumia kijiko cha kuchotea aiskrimu, au jagi lenye mdomo. Ninachokisisitiza ni usafi wa ukingo: tone la rojo lililobaki juu ya karatasi, pale ambapo keki haitafika, litaungua na kuwa caramel, yaani sukari iliyoungua inayonata. Keki ikiumuka na kulikuta, vinashikana. Lifute kwa kidole chenye unyevu kabla trei haijaingia ndani.

Oveni iwe imepata moto kabla. Nyuzi 175 hadi 180 za Selsiasi, au 160 kama ina feni. Oveni nyingi za nyumbani zinadanganya, kidude cha nje kinaandika 180 na ndani ni 160, kwa hiyo kipimajoto kidogo cha kuning'iniza ndani kitakulipa gharama yake mapema. Weka trei rafu ya katikati. Oveni ikiwa baridi, juu panakuwa na rangi baada ya muda mrefu, na wewe kwa kuogopa kukausha unazitoa huku bado ni mbichi.

Anza kuchungulia dakika ya 17. Nyingi huiva kati ya dakika 18 na 22. Rangi peke yake haitoshi. Chomeka kijiti cha meno katikati: chengachenga mbili tatu kavu si neno, rojo ni neno. Bonyeza juu kwa kidole, parudi penyewe bila kuacha shimo. Mwenye kipimajoto cha chakula atafute nyuzi 96 hadi 98 katikati. Mimi huangalia pia pembeni: keki iliyoiva huanza kujivuta kidogo sana kutoka kwenye karatasi, utaona uzi wa kivuli kati yake na mkunjo. Uzi huo ukiuona, kazi kubwa imekwisha.

Kupoza, mahali pa kuvumilia

Keki ikitoka kwenye oveni bado haijamaliza kujijenga. Ndani kuna mvuke mwingi, wanga ungali laini kama uji, na shira ya sukari ni majimaji. Ukibandua sasa, unararua kitu ambacho hakijakaza. Ikiachwa ipoe, wanga unakaza, keki inashikana yenyewe kwa yenyewe kuliko inavyoshikana na karatasi, na hapo ndipo inaweza kuachia.

Utaratibu ni huu. Ziache kwenye trei dakika 5, si zaidi. Muda huo unatosha zipate nguvu ya kushikwa. Kisha zitoe moja moja uziweke kwenye wavu wa kupoozea wenye nafasi chini yake, zisigusane. Ukiziacha kwenye trei, bati linashikilia joto, mvuke unakosa pa kutokea, unageuka maji kati ya karatasi na bati, na kitako kinalowa. Usiziweke juu ya sahani wala meza. Ni kosa lilelile. Kama huna wavu, rafu ya oveni iliyotolewa kabla hujaiwasha, ikainuliwa juu ya vikombe viwili vitatu, inafanya kazi hiyo vizuri kabisa.

Subiri dakika 45 hadi saa nzima. Gusa kitako kwa mgongo wa mkono: kikiwa na uvuguvugu wowote, bado. Najua mtoto amesimama hapo anaomba. Mpe moja kwa kijiko aichote ndani ya karatasi.

Usiipambe ikiwa na joto, na usiifunike. Chombo kilichofunikwa juu ya keki vuguvugu ni chumba cha mvuke.

Kupaka karatasi mafuta

Kwa karatasi za kawaida na rojo yenye mafuta kidogo, kupaka ni kinga nzuri, mradi iwe kidogo. Panga vikaratasi kwenye trei, chovya brashi kwenye mafuta ya maji, iminye ukingoni mwa bakuli, halafu pitisha mara moja kitako na pembeni. Ukiona dimbwi kwenye kitako, lifute kwa tishu. Mafuta yakizidi, keki inakaangika badala ya kuokwa, kitako kinakuwa kizito, na karatasi inaweza kujiachia kabla ya wakati. Ya kupuliza kutoka kwenye kopo ni sawa pia: puliza ukiwa mbali kidogo, mara moja.

Usitumie siagi kupaka. Chembe za maziwa zilizomo zinaungua na kunata, unakuwa umepaka gundi badala ya kinga.

Karatasi ya silikoni haihitaji kupakwa.

Ukiamua kuoka bila karatasi kabisa, changanya unga wa ngano, mafuta ya maji na mafuta ya kupikia yaliyoganda, ujazo sawa wa kila kimoja, piga mpaka uwe uji mweupe laini, upake ndani ya mashimo kwa brashi. Mchanganyiko huu huachia hata trei kuukuu.

Keki zisizo na mafuta, zisizo na mayai, na za mayai meupe

Ukitaka kubadilisha mafuta kwa ndizi, tufaha la kupondwa au mtindi, usiyaondoe yote. Bakisha angalau vijiko vitatu vya chakula kwa keki 12. Matunda yanaleta unyevu na utamu, lakini kazi ya kuachanisha hayaifanyi. Hizi zitumie na karatasi ya silikoni, uzioke dakika mbili tatu zaidi.

Zisizo na mayai hukaza polepole, kwa hiyo zipe muda zaidi kwenye oveni na zaidi kwenye wavu. Za unga usio wa ngano, zinazotiwa viungo vya kunatisha ili zishikane, zinanata zaidi, silikoni tena.

Za mayai meupe yaliyopigwa povu, zisizo na siagi, ni suala la pekee. Keki ya namna hiyo inahitaji kung'ang'ania ukuta ili ipande juu, ndiyo maana ile kubwa huokwa kwenye chombo kisichopakwa mafuta hata tone. Ukiioka kwenye kikaratasi cha kawaida, itafanya kile ilichozaliwa kufanya.

Zikijibandua zenyewe

Wapo wenye tatizo la kinyume: asubuhi wanakuta vikaratasi vimefunguka kama maua, keki imesimama peke yake. Karibu kila mara ni unyevu. Keki zilifungiwa kwenye chombo zingali na joto, mvuke ukalainisha karatasi, ikalegea. Au kikaratasi kilijazwa chini ya nusu, keki ikakosa uzito wa kukishika. Au kilipakwa mafuta mengi. Ziache zipoe kabisa, na ukizihifadhi kwa saa chache tu, acha kifuniko wazi kidogo.

Zilizokwisha kuganda

Kabla hujakata tamaa, tambua zimeganda kwa sababu gani. Kama ni mbichi na bado zina joto, zirudishe kwenye oveni nyuzi 160 kwa dakika 5 hadi 7, halafu uzipoze upya.

Kama zimeiva ila zimeshika, ziweke kwenye chombo kilichofungwa, mahali pasipo na joto, mpaka kesho yake. Unyevu na mafuta hujisambaza usiku, na nyingi zilizokataa jana hubanduka leo. Hii ndiyo njia ninayoipenda, kwa sababu haihitaji chochote.

Ukiwa huna usiku wa kungoja na keki ni za siagi, zipeleke kwenye friji dakika 30. Siagi ikikaza, keki inakuwa imara na inastahimili kuvutwa. Au lowesha kitambaa safi kwa maji vuguvugu, ukamue sana, uzungushie karatasi kwa dakika moja au mbili. Gundi iliyokauka inalainika. Bandua papo hapo.

Namna ya kuvuta nayo ina maana. Usizungushe karatasi kuifuata keki kama unafungua bandeji. Shika ukingo wa juu, uvute kwa nje na kwenda chini kufuata mkunjo, ufike kitakoni, kisha hamia mkunjo unaofuata. Ukishafungua pande zote, geuza keki juu ya kiganja na umalizie kitako.

Zilizoraruka kabisa zichambue vipande, uzipange kwenye glasi tabaka kwa tabaka na krimu na matunda. Hakuna atakayeuliza.

Jaribio la trei moja

Ukiwa na Jumamosi tulivu, fanya hili mara moja tu. Pika rojo moja ya keki 12. Vikaratasi 4 viwe vya kawaida, 4 vya kawaida vilivyopakwa mafuta, 4 vya silikoni. Andika kwa penseli kwenye kitako, upande wa nje, herufi ya aina. Vyote vioke trei moja, muda mmoja. Kisha bandua moja ya kila aina baada ya dakika 5, nyingine baada ya dakika 30, nyingine baada ya saa moja, na ya mwisho kesho yake asubuhi.

Karatasi zote 12 zipange mezani kwa safu, aina kwa aina, kutoka ya mapema hadi ya mwisho. Kwangu, safu ya karatasi za kawaida ilianza na tabaka nene la keki, ikaja ngozi nyembamba, ikaja chengachenga, na ile ya asubuhi ilikuwa na doa la mafuta tu. Ya silikoni ya dakika 5 ilitoka na vipande, wakati ya kawaida ya kesho yake ilitoka safi. Niliziacha zikauke, nikazibandika ndani ya mlango wa kabati la jikoni, na bado zipo.